Usimkaushe Mzee: Saa za Ibn Sina kwa Mtu wa Tabora

Katika Kanuni ya Tiba, kitabu cha tabibu Mwajemi Ibn Sina, kuna sura fupi kuhusu kuwatunza wazee. Inasema mzee apewe mkate mzuri na asali katika saa ya tatu, katika saa ya saba aoge kisha ale cha kulainisha tumbo, na jioni apate mlo wenye lishe. Msomaji wa London akifika hapo inabidi apige hesabu, maana saa hizo zinahesabiwa tangu jua kuchomoza. Mtu wa Tabora hana hesabu ya kupiga. Saa ya tatu ni saa tatu, saa ya saba ni saa saba. Hata asali haimsumbui: ipo sokoni ndani ya chupa za maji zilizokwisha kutumika, imetoka Sikonge, Urambo au Kaliua, nyingine bado ina harufu ya moshi wa warina asali.

Kilichobaki ni kuelewa kwa nini mkate na asali, na kwa nini saa tatu. Asiyeelewa sababu atachukua asali peke yake, atamlisha babu vijiko sita kwa siku, halafu aseme tiba ya Waajemi imemharibia babu.

Tiba hii ilijengwa juu ya maandishi ya Jalinus (Galen), yule tabibu Mgiriki, ikakuzwa na matabibu kama al-Razi, Ibn Sina (980–1037) na Jurjani. Inautazama mwili kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Namna sifa hizo zilivyochanganyika ndani ya mtu ndiyo mizaji yake, na mizaji hubadilika na umri. Ibn Sina anahesabu kukua mpaka karibu miaka 30, nguvu kamili mpaka 35 au 40, makamo mpaka karibu 60, kisha uzee. (Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo iliweka mstari kwenye 60. Wamekutana bila kuagana.) Mfano wanaoutumia ni wa taa: joto la asili ni mwali, unyevu wa asili ni mafuta. Kadiri miaka inavyokwenda mafuta yanapungua na mwali unafifia, kwa hiyo mzee ni baridi na mkavu.

Lakini mzee huyo huyo anakohoa makohozi asubuhi kucha, pua zinachuruzika, macho yanalenga machozi. Ukimtazama unadhani amejaa maji. Jibu la Ibn Sina ni kwamba huo ni unyevu mgeni, umelowesha juu tu. Viungo vyenyewe ndani vimekauka, kama gogo kavu la mninga lililonyeshewa mvua ya usiku mmoja. Anayeona makohozi akakimbilia kukausha, kwa pilipili kichaa kwenye supu, chai ya tangawizi kali mara tano kwa siku, au kumnyima maji eti "yanamzidishia kifua", anamaliza kidogo kilichobaki. Makosa mengi ya nyumbani yanaanzia hapo. Makohozi yenye damu, au kikohozi kilichopita wiki mbili, hayo hayana mjadala wa mizaji: ni kwenda kupima kifua kikuu.

Tuseme wazi pia kwamba mizaji haipimwi maabara. Thamani ya sura hii iko kwenye utaratibu wake wa siku, ambao kwa sehemu kubwa unapatana na yale daktari wa leo angemwambia mzee. Vidonge vya presha au sukari vinaendelea kama vilivyoandikwa. Hakuna kijiko cha asali kinachochukua nafasi yake.

Mafuta kwanza, chai baadaye

Mzee akiamka anachuliwa kwa mafuta, kisha anatembea, ndipo anakula. Kuchua kunaamsha joto, kutembea kunalitawanya, chakula kinakuta tumbo liko tayari. Ukiugeuza mpangilio, ukamchua ameshiba, anaweza kupata kichefuchefu na kujaa tumbo.

Mafuta ya ufuta yanatosha kabisa. Waajemi wanapenda pia mafuta ya lozi yaliyolowekwa maua ya urujuani, lakini kuyasaka hapa ni kujitafutia gharama bure. Vijiko viwili vya mezani vinatosha mwili mzima. Usiyapashe juu ya jiko. Weka kichupa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika tano, halafu dondosha tone ndani ya kiwiko chako. Likiwa vuguvugu, anza na nyayo na vidole, panda kwenye shavu la mguu, goti, paja. Kisha viganja mpaka mabega. Mwisho mgongo, pande mbili za uti, si juu ya uti wenyewe. Mkono uelekee moyoni. Dakika kumi hadi kumi na tano, si zaidi.

Kuhusu nguvu ya mkono, kuna kanuni ya zamani: kuchua kwa nguvu kunakaza mwili, kwa ulaini kunalegeza, kwingi kunakondesha, kwa kiasi kunanawirisha. Mzee ni wa kiasi. Vitabu vya kale hutazamia ngozi iwe nyekundu. Kwa ngozi yetu usitafute wekundu, weka kiganja usikie joto. Ikishapata joto, acha. Zile dawa za kuchua zenye mentoli kali zinawasha na kuleta raha ya dakika chache, lakini ngozi ya mzee wa miaka 80 ni nyembamba kama karatasi ya kitunguu, na zikipakwa kila siku inapasuka.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni shavu la mguu mmoja lililovimba, la moto, linalouma. Usiliguse. Huenda damu imeganda ndani, na donge likisukumwa linaweza kwenda kukwama kwenye mapafu. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. La pili ni dogo ila ndilo la kila siku: nyayo zenye mafuta juu ya sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Bibi anateleza hatua ya tatu, nyonga inavunjika, na mengi mema yaliyofanyika mwaka mzima yanaishia hapo. Ukimaliza futa nyayo na katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu (mafuta na jasho katikati ya vidole huleta fangasi), mvalishe soksi, kisha viatu vinavyofunika kisigino. Ndala hazimshiki mtu.

Baada ya hapo, matembezi. Jalinus alimsifu tabibu mmoja, Antiochus, aliyepita miaka 80 na bado alikuwa akienda kwa miguu kila siku kwenye baraza la mji, umbali wa stadia tatu hivi. Hiyo ni nusu kilomita na kitu kidogo. Si mbali: kutoka nyumbani hadi kwenye miembe ya barabarani, kupumzika, na kurudi. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Akiweza kukusimulia jambo huku anatembea, mwendo ni sawa. Akianza kujibu kwa neno moja moja, punguzeni. Mwenye kizunguzungu asipewe mazoezi ya kuinama. Na mwezi wa Septemba na Oktoba, jua la Tabora linapokuwa halina huruma, matembezi yaishe kabla ya saa mbili.

Saa tatu

Mkate uwe uliochachuka vizuri na kuoka, ikiwezekana wa jana uliopashwa, kwa sababu katika tiba hii mkate wa moto uliotoka sasa hivi unahesabiwa kukaa tumboni kama udongo. Andazi halihesabiki, lile ni mafuta ya kukaangia yenye unga ndani. Kwa asiyependa mkate, uji wa ulezi mwepesi, asali ikitiwa mwisho wakati uji umeshaepuliwa. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wengi wanaipenda, lakini kutafunwa mikavu ni kazi kwa meno yaliyobaki manne, na gesi yake inajulikana. Ichemshwe mpaka ilegee kabisa, na iwe kidogo.

Asali ni kijiko kimoja cha mezani. Kijiko hicho kina gramu 21 hivi, na karibu 17 kati ya hizo ni sukari. Kwa hiyo mwenye kisukari aihesabu kama sukari, asidanganywe na neno "asilia". Asali iliyoganda si lazima iwe imechanganywa na sukari. Asali safi nyingi huganda, hasa kwenye baridi. Na lile jaribio la njiti ya kiberiti linapima zaidi unyevu kuliko uhalisi. Cha kuogopa ni maji: asali ikizidi takriban asilimia 20 ya maji inachacha. Utaona povu juu, kifuniko kinatunisha kifua, harufu inaelekea kwenye pombe. Mara nyingi ilirinwa kabla haijaiva kwenye sega, au mtu alichota kwa kijiko kibichi. Na kijiko cha babu kisimpitie mjukuu aliye chini ya mwaka mmoja. Huyo asali ni marufuku, kwa sababu ya vimelea vinavyoweza kumlemaza misuli.

Asubuhi za Juni na Julai, maji ya asali yanafaa kuliko chai. Sehemu moja ya asali, sehemu mbili za maji, moto mdogo, povu likipanda unaliengua, mpaka theluthi moja ipungue. Inakuwa tamu mno, hivyo ni robo kikombe tu. Unaweza kutia kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ibn Sina mwenyewe anairuhusu tangawizi iliyohifadhiwa kwenye utamu kwa wazee. Ubaya uko kwenye wingi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza kabla ya kuifanya ya kila siku.

Saa saba, na habari ya choo

Hapa ndipo sura ya wazee ina akili nyingi kuliko mahali pengine popote. Inarudi palepale mara kwa mara: tumbo la mzee liwe laini. Baada ya kuoga maji ya vuguvugu, kabla ya chakula kizito, apewe kwanza mboga za majani zenye mafuta, au tini. Mpangilio wenyewe ndiyo dawa. Kilaini kikitangulia, kigumu kinapata njia.

Tini kavu ni adimu Tabora, lakini mlenda haujawahi kuadimika. Ukiutazama kwa macho ya Kiajemi, mlenda ni chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya mzee: unanyevusha, unateleza, unalainisha. Tatizo ni magadi. Magadi yana sodiamu, na mwenye presha analishwa chumvi mara mbili, ya jikoni na ya magadi, bila kuihisi. Mlenda unaiva bila magadi; unachukua dakika chache zaidi na rangi inapungua kijani, basi. Tia kijiko cha mafuta ya ufuta au karanga zilizotwangwa. Bakuli dogo litangulie, baada ya dakika kumi ndipo ugali, na ugali uwe laini. Ule wa kusimamisha mwiko ni wa wanaolima.

Siku nyingine matembele au mchicha, pia kwa mafuta. Papai lililoiva, vipande viwili vya upana wa kiganja. Tende zikipatikana, tatu zilowekwe usiku, ziliwe na maji yake yanywewe. Ukwaju unalainisha pia, lakini katika hesabu ya mizaji ni baridi na ukali wake hauwafai wenye tumbo la baridi. Ukitumika, uchanganywe na asali kidogo.

Maji. Wazee wengi hawayanywi kwa sababu mbili: kiu yenyewe inapungua na umri, na wanaogopa kuamka usiku. Basi yahamishwe. Kikombe baada ya matembezi, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Baada ya saa kumi na mbili jioni ni funda za kumezea dawa. Wenye moyo au figo dhaifu wafuate kiasi walichopangiwa hospitali. Mzee wa kiume anayeamka mara nne na mkojo unatoka kwa kukatikakatika, hilo ni la tezi dume, halitatulika kwa kumnyima maji.

Ukiona choo kimegoma, usikimbilie mafuta ya nyonyo wala sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kweli, Waajemi na Waarabu wameitumia karne nyingi, lakini ikinywewa kila siku inakamua madini ya potasiamu mwilini na utumbo unazoea kusukumwa. Kagua kwanza vidonge: vya madini ya chuma na baadhi ya vile vya presha hufunga choo, na daktari anaweza kubadilisha. Halafu kuna hila moja inayowapiga chenga hata watu wazoefu. Mzee anatoa maji maji ya kinyesi kidogo kidogo, anachafua nguo, familia inasema anaharisha na kumpa dawa ya kufunga. Kumbe ndani kuna donge gumu limeziba, na yale maji yanapenya pembeni yake. Uliza: kabla ya kuanza kuharisha, alikosa choo siku ngapi? Tumbo likivimba, akitapika, asiweze hata kutoa hewa, au kinyesi kikawa cheusi kama lami, hapo ni gari, si jikoni.

Haraka ya tumbo ilimponza Ibn Sina mwenyewe. Mwanafunzi wake Juzjani ameandika kwamba alipopata msokoto wa tumbo akiwa safarini na mtawala wake, alijipiga bomba la kusafisha utumbo mara nane kwa siku moja ili awahi kupona. Utumbo ukachubuka. Hakupona tena sawasawa, akafia Hamadan akiwa na miaka 57, kabla hajaufikia uzee aliouandikia sura.

Jioni

Mlo wa jioni katika sura hiyo ndio wenye lishe hasa. Nyama kavu ya ng'ombe, samaki wa chumvi na vya kuchachusha vikali vinawekwa pembeni kwa sababu vinakausha. Kuku anapendwa. Ila supu tupu haimjengi mtu: lishe iko kwenye nyama, si kwenye maji yake. Mzee wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku, wakati yai moja lina sita hivi. Kuku wa kienyeji achemshwe mpaka nyama iachane na mfupa, ichambuliwe nyuzi nyuzi irudi kwenye supu. Dagaa wa Kigoma wanaokuja na treni ni hazina, mradi wawe waliokaushwa bila chumvi; waoshwe, wakaangwe vikavu, watwangwe, kijiko kiingie kwenye mboga. (Mwenye figo mgonjwa aulize kabla ya kuongeza protini.) Kama tumbo ni dhaifu, chakula kigawanywe mara tatu kidogo kidogo. Kama anameng'enya vizuri, jioni iongezwe kidogo. Amalize saa moja usiku, akae kwenye baraza na wenzake, apige bao, acheke. Furaha na hasira zimo katika yale mambo sita ambayo tiba hii inasema hayaepukiki kwa mwenye uhai, pamoja na hewa, chakula na kinywaji, mwendo na utulivu, usingizi na kukesha, kutoa na kuzuia.

Chuku

Kuumika, yaani kutoa damu kwa chale na chuku, kumerudi kwa kishindo, na wanaotangaza humtaja Ibn Sina kama shahidi wao. Ni kupiga chuku juu ya chuku. Kanuni ya Tiba inasema baada ya miaka 60 mtu asiumikwe kabisa. Sababu inaeleweka kwa mfano wa taa: huwezi kumwagia nje mafuta ambayo hayarudi. Ongeza na wembe uliotumika kwa watu watatu, au mzee anayemeza vidonge vya kuzuia damu kuganda ambaye chale moja inavuja mpaka usiku.

Baridi ya Julai

Ibn Sina anataka mzee akae kitandani muda mrefu kuliko kijana, kwa sababu usingizi unanyevusha, na anataka chumba kiwe na joto. Hapo ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumbani, dirisha likafungwa na tambara likazibwa chini ya mlango. Mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, ndio unaotoa ile hewa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Jiko lilale nje. Kinachoingia chumbani ni chupa imara ya maji ya moto, kifuniko kimekazwa, imeviringwa kitenge mara mbili, ikawekwa chini ya blanketi robo saa kabla mzee hajapanda kitandani. Akipanda, itoe, hasa kwa mwenye kisukari: miguu yake inaweza kuungua naye asihisi kitu mpaka asubuhi unapoona lengelenge.